Chubwi la Babu

Mwishoni mwa mwaka 2009 Unguja ilizimika. Umeme unaotujia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika tarehe 10 Desemba, na wengi tulidhani ni shida ya siku mbili tatu. Ulirudi Machi. Gereji niliyokuwa nikifanyia kazi mjini ilibaki na nyundo na spana tu. Kuchomea kulisimama, kompresa ikalala, na wenye magari wakawa wanamimina pesa zao kwenye petroli ya jenereta. Nikafunga kisanduku changu, nikapanda gari la shamba lenye bodi ya mbao, nikaenda Uroa kwa bibi yangu mzaa mama.

Ukifika Chwaka unashika kushoto, unapita Marumbi, halafu unakikuta kijiji kimejilaza ubavuni mwa bahari. Maji yakikupwa, bahari yenyewe inaondoka, inabaki mstari mweupe kule mbali mawimbi yanapovunjikia mwamba. Wanawake wanaingia na kamba za mwani na vifungu vya nyuzi za taitai kiunoni. Wengine wanafukua makumbi waliyoyazika topeni chini ya mawe, yamekwisha kuoza vya kutosha, wayapige wasokote kamba. Bibi alikuwa ameshaacha mwani kwa ajili ya magoti. Pweza hakumwacha, bamvua ikifika, humzuii.

Siku ya nne alipita kijana wa vyuma chakavu na baiskeli yake na mzani wa kuning'iniza. Bibi alimtolea sufuria lililopasuka, mguu wa kitanda, bati la kutu, na chubwi la babu lililokuwa likining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango tangu nilipokuwa mtoto. Babu alilifunga mwisho wa mshipi wake alipokuwa akivua nje ya mwamba, na alipofariki hakuna aliyelitaka, kwa sababu wajomba zangu walikuwa wanavua kwa nyavu. Nimeliona maisha yangu yote. Siku ile ndiyo niliyoliangalia kwa mara ya kwanza, na niliangalia kwa sababu lilikuwa linatoka.

Lilikuwa na urefu wa shubiri kasoro kidogo. Ncha moja ina tundu la mviringo, na ndani ya tundu kuna meno kumi na mawili, kama nyota. Ncha ya pili ina tundu la mraba. Humo ndimo babu alimopitisha kamba. Katikati chuma kimejipinda kama mwezi mchanga. Mtu aliyezoea gereji hahitaji elimu kubwa kutambua tundu la meno kumi na mawili: hiyo ni ringi, ni spana. Ila spana gani isiyo na mkono? Nazijua flati, nazijua ringi, boksi, na ile ya kufungua na kubana ambayo mafundi wanaiita spana malaya, jina ambalo Bibi aliniomba nisilirudie nyumbani kwake. Hii haikuwa mojawapo. Nikamwambia yule kijana chuma hiki hakiendi. Akacheka. "Kaka, hicho hata nusu kilo hakifiki, kaa nacho."

Bibi akasema, bila kuinua uso kwenye mchele aliokuwa akiuchambua, "Hichi babu yako akikiita chuma cha ndege."

Nilimsikia. Nikafikiri anazungumzia ndege njema, ile bahati ambayo wavuvi wanaiombea kabla ya kusukuma chombo. Babu alikuwa mtu wa mambo hayo. Nikaitikia, nikaliweka chubwi kwenye mfuko.

Sasa naja kwenye kosa. Babu alikuwa akilipaka sifa, mafuta ya papa yale wanayopakia vyombo, na sifa ya miaka mingi iliyochanganyika na chumvi na kutu ilikuwa imefanya gamba jeusi gumu kama lami. Chini ya gamba palikuwa na alama zilizogongwa. Niliziona kwa kidole kabla ya kuziona kwa jicho. Niliporudi mjini, rafiki yangu mmoja alikuwa na jenereta, na petroli yake alikuwa akiihesabia kwa kikombe. Nikamwomba dakika mbili tu za grainda. Nikafunga brashi ya waya, nikabana chuma kwenye jiliwa, nikapitisha. Dakika mbili zilitosha. Kiling'aa kama kimetoka dukani jana. Zilibaki herufi mbili, W na A, na baada yake tarakimu tatu, ya mwisho imefifia. Nyuma ya W palikuwa na mng'aro mtupu, na mimi nikauona mng'aro ule kuwa ni kazi nzuri.

Siku hizi akija mtu na chuma cha zamani, namwambia asikisugue. Akiloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, akifute kwa kitambaa, kisha aweke karatasi juu ya alama na kupitisha penseli kwa ubavu, kama watoto wanavyochora sarafu. Halafu akipeleke gizani akimulike na tochi kwa pembeni, mwanga uchunge chuma. Alama iliyolika mno kwa jicho la mchana huwa na kivuli chake usiku. Haya yote niliyajua tangu siku za uanafunzi, maana ndivyo tulivyokuwa tukisoma namba za injini za magari ya zamani. Kujua na kukumbuka kwa wakati ni vitu viwili.

Nikaanza kuuliza. Fundi baiskeli wa Mwembeladu alisema ni ya kufungulia kitovu cha gurudumu la zamani. Fundi wa mashine za boti alisema ni ya Seagull, zile injini za Kiingereza za kufunga nyuma ya ngalawa. Seremala wa majahazi aliigeuza mara tatu akasema ni ya parafujo za usukani. Mwenye duka la vitu vya kale huko Mji Mkongwe hakuigeuza hata mara moja. Alisema ni ya Mjerumani, imetoka kwenye manowari ya Königsberg iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915, na kwamba yeye anaweza kuiuza kwa bei hiyo. Kwa bei hiyo, alisema, yaani bei ya hadithi. Kila mmoja alinijibu kutoka kwenye benchi lake la kazi. Sikuwacheka, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiita spana ya gari isiyojulikana, kwa sababu naishi chini ya magari.

Mwalimu mmoja mstaafu, msomaji wa magazeti ya zamani, ndiye aliyetazama zile herufi mbili akasema: "W.A. Wilson Airways."

Shirika hilo lilikuwepo kweli. Lilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, pamoja na rubani Tom Campbell Black, yule aliyekuja kushinda mbio za ndege za London hadi Melbourne mwaka 1934 akiwa na C. W. A. Scott. Walianza na kindege kimoja cha Gipsy Moth. Katika miaka ya thelathini ndege zao zilikuwa zikishuka pwani yote, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, na barua na abiria wachache. Vita ilipoingia mwaka 1939 ndege zikachukuliwa na jeshi, na shirika halikuamka tena.

Hapo neno la Bibi likanirudia. Chuma cha ndege! Si bahati, si kwale wala njiwa. Ndege ya kuruka na watu. Mwili ulinisisimka. Herufi zimesema, na Bibi amesema, na viwili hivyo havikuonana wala kushauriana. Ungekuwa wewe ungetaka ushahidi gani zaidi?

Tangu siku ile sikuuliza tena. Nilikuwa ninaeleza. Naingia barazani, natoa chuma kwenye mfuko, nasema, "Mnaiona hii? Hii ni spana ya Wilson Airways." Na watu wetu ni wastaarabu. Mtu mzima hamvunjii mwenziwe neno lake mbele za watu kwa ajili ya kipande cha chuma. Walisema mashallah, walisema kumbe, mmoja akakumbuka kwamba baba yake alikuwa akimtaja Wilson. Kwa miezi miwili nilikusanya makubaliano, nikayaona ni ushahidi. Ingekuwa nimenyamaza tu nikaweka chuma juu ya meza karibu na vikombe vya kahawa, huenda mtu angesema neno lake mwenyewe.

Kilichoniharibia raha yangu ni nati. Umeme uliporudi tulipata gari moja la shamba, Bedford la zamani, na mwenye gereji akanituma kwenye debe la spana za Kiingereza. Kwa vijana waliozaliwa na Toyota nieleze kidogo. Dunia ya leo ya spana ni nyepesi: namba 14 maana yake mdomo una milimita 14, namba 17 milimita 17. Mmarekani naye anaandika upana wa mdomo, ila kwa inchi. Mwingereza wa zamani alikuwa na lake. Kwa utaratibu uliotokana na Joseph Whitworth, aliyependekeza vipimo vyake vya thredi mwaka 1841, spana iliandikwa unene wa bolti na si upana wa mdomo. Kwa hiyo spana iliyoandikwa robo inchi ina mdomo wa inchi 0.525, milimita 13.3. Inayofuata, ya 5/16, ni inchi 0.600, milimita 15.2. Ukimkabidhi mwanafunzi debe la spana hizo bila kumweleza, unamsikia akimlaani Malkia.

Nikiwa nimekaa kwenye debe hilo nikatoa chuma changu, nijivunie kidogo mbele ya nati za Kiingereza, ndugu zake. Nati ya robo ikaingia kwenye nyota ikazunguka yenyewe, haina kinachoishika. Ya 5/16 ikakataa kuingia. Nikachukua venia. Mdomo ulisoma milimita 14.3. Nikarudia, nikafuta, nikarudia. Vipimo vya Kiingereza vinaruka juu ya 14.3 kama mtu anavyoruka dimbwi. Lakini 14.3 ni inchi 9/16 kamili, na 9/16 ni mdomo wa Kimarekani.

Ndege za Wilson zilizoshuka hapa zilikuwa hasa za de Havilland, za Uingereza, na injini zake zilikuwa za Gipsy, za Uingereza vilevile, zilizotengenezwa kwa vipimo vya Kiingereza. Spana ya Kimarekani ingefanya nini huko? Nilijitetea wiki nzima. Nilisema imelika. Nilisema mimi ndiye niliyeipanua kwa grainda. Mtu anayependa jibu lake huwa wakili hodari. Mwisho nikakubali kwamba nati ya senti hamsini ina adabu kuliko baraza zima: haikubali kwa heshima. Ama inaingia, ama haiingii.

Nikarudi Uroa mwisho wa wiki na chuma na kichwa kizito. Safari hii nilijaribu jambo ambalo ilinipasa nilifanye siku ya kwanza. Niliacha kuuliza ni ya nani, nikauliza kwa nini imekaa hivi. Tundu la mraba lilijibu haraka. Lilikuwa nusu inchi juu ya nusu inchi, na mkono wa racheti yangu ulizama humo ukalia tik. Kumbe haikuwa spana iliyokatika mkono. Ilizaliwa bila mkono, ikae kati ya mkono wa mtu mwingine na nati isiyofikika. Lakini ule mwezi mchanga wa katikati? Chuma kunyooka ni rahisi na ni imara. Anayekipinda ana sababu, na sababu ile ilikuwa imekaa mahali fulani ikimzuia.

Nilikuwa jikoni, nakizungusha chuma juu ya kila kitu cha mviringo. Juu ya kinu hakikukaa. Juu ya sufuria kubwa kiliacha nafasi. Juu ya chungu kidogo cha mchuzi tundu la nyota lilikaa chini kwenye ukingo wa kitako, na mwezi ukazunguka tumbo la chungu bila kuligusa, na tundu la mraba likatokeza juu, wazi, likingoja racheti. Bibi alikuwa akinitazama, muda mrefu nadhani, kisha akasema:

"Kinakwepa."

"Nini, Bibi?"

"Hicho, mume wangu. Kuna kitu kinakikwepa." Akanyoosha kidole kwenye kona alikoegemeza mchokoo wake. "Ile fimbo ya pweza unaiona ilivyopinda? Mimi sikuipinda. Limeipinda shimo."

Basi nikachora shimo. Nilichukua karatasi nikachora chuma pembeni, halafu nikajaza kile kilichokuwa kinakwepwa: kitu kama pipa kilichosimama wima, kimefungwa kitakoni kwa nati zilizokizunguka, na juu kidogo ya nati kuna kitu kilichotokeza nje kama ukingo wa kofia, kinachozuia boksi kushuka moja kwa moja. Pipa, nati kitakoni, ukingo juu. Nilipomaliza nilikuwa nimechora silinda ya injini inayopozwa kwa upepo, na ule ukingo ni mapezi yake. Tulio na pikipiki tunayajua mapezi hayo. Ila nati za kitakoni nyingi hivyo, na silinda moja moja iliyofungwa peke yake kwenye kasha la injini, hiyo si pikipiki. Ni injini ya nyota, zile za ndege za zamani ambazo silinda zake zimezunguka katikati kama spoku.

Mjini, maskani ya Jaws Corner, nilielekezwa kwa mzee mmoja wa mtaa wa nyuma aliyefanya kazi East African Airways. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nilibisha hodi, nikamwamkia, nikapewa kahawa na kipande cha kashata, tukazungumza mvua. Kisha nikaweka chuma kwenye mkeka, nikanyamaza.

Hakukitazama sana. Alikichukua, akafumba macho, mkono wake wa kushoto ukashika hewa kama anayekumbatia kitu kinene, wa kulia ukaingiza chuma chini, ukakizungusha robo, ukakitoa, ukaingiza tena. Aliifanya mara tano au sita, kila mara akisogea kidogo kwenye duara lisiloonekana. Alipofumbua macho akasema, "Dakota." Halafu akakileta karibu na miwani, akapapasa zile herufi. "Na P umeipeleka wapi, mwanangu?"

Sikumwelewa.

"P, W, A. Pratt and Whitney Aircraft. Vyombo vyao vya kazi vilikuwa vikigongwa hivyo, kisha namba. Hapa pana W na A. P iko wapi?"

Jioni ile nilizima taa, nikamulika tochi kwa pembeni. Nyuma ya W, katikati ya mng'aro nilioufanya mwenyewe, palikuwa na upinde mdogo kama ukucha wa mtoto: tumbo la P. Wakati wote nilikuwa nimelihesabu ni mkwaruzo wa brashi. Wilson Airways yangu niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa petroli ya kuazima, kwa dakika mbili.

Nilirudi kwa mzee mara nyingi baada ya hapo, na sitayaandika yote. Alipelekwa Nairobi kijana, akajifunza kazi Eastleigh, wakahamia Embakasi uwanja ulipofunguliwa mwaka 1958. Shirika lenyewe lilianza kuruka Januari 1946 kwa ndege sita za Dragon Rapide, za injini zilezile za Gipsy. Dakota zikaja baadaye, na zilibeba watu na mizigo kwenye njia ya pwani hadi hapa uwanja wetu wa Kisauni kwa miaka mingi. Shirika likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dakota ina injini mbili za Twin Wasp. Kila moja ina silinda 14 kwa safu mbili, saba mbele na saba nyuma, za nyuma zimekaa kwenye mianya ya zile za mbele ili nazo zipate upepo. Lita 30, nguvu za farasi 1,200. Zilitengenezwa zaidi ya 173,000, na hakuna injini ya pistoni ya ndege iliyotengenezwa kwa wingi kama hiyo. Kila silinda ina plagi mbili. "Plagi 56 kwa ndege moja," mzee alisema, akinionyesha vidole ambavyo haviwezi tena kufungua chupa. "Wewe unalalamika kwa nne."

Kuhusu chuma changu, alinifundisha jambo ambalo miaka yote ya gereji haikunifundisha. Nati za kitako cha silinda hazikazwi kwa kukisia. Zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, na kila nati ipate sawa na mwenziwe. Ikizidishwa, bolti inavutika na kuchoka. Ikipungukiwa, silinda inacheza, na silinda inayocheza hukata bolti moja, kisha ya jirani yake, kisha ya jirani ya jirani. Sasa, ukikifunga chombo hiki mbele ya mkono wa kupimia, umeurefusha mkono, na kipimo kinaanza kusema uongo. Alichora kwenye gazeti. Mkono una inchi 15. Chombo kinaongeza inchi 5. Unataka nati ikazwe kwa pauni-inchi 300. Ukisubiri mkono usome 300, nati imekula 400. Lazima uache kwenye 225. "Ila ukikiweka pembe mraba na mkono," akakigeuza chombo kando ya penseli, "hakiongezi urefu, mkono unasema kweli. Kijana aliyekuwa hajui hilo hatukumwachia silinda."

Nilimuuliza kama ana hakika ni ya Dakota. Akacheka. Mkono wake ulikuwa na hakika, alisema, lakini mkono wake haukuwahi kufanya kazi kwenye kitu kingine chenye injini hiyo. Alikuwa ananijibu kutoka kwenye benchi lake, na tofauti yake na wale wengine ni kwamba alilijua hilo. Maana Twin Wasp ilikuwa pia kwenye Catalina, ile ndege ya Kimarekani inayotua majini. Wakati wa vita Waingereza walizitumia kuwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Kikosi chao namba 259 kilikuwa Kipevu, Mombasa, kisha mwaka 1943 kikahamia Dar es Salaam, ng'ambo tu ya mkondo. Catalina za kikosi hicho na za namba 265 ndizo zilizoizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska tarehe 20 Agosti 1943. Injini ileile, silinda zilezile, nati zilezile. Chuma kinaweza kukwambia injini, ndege hakikwambii.

Nikaenda kumuuliza Bibi, na safari hii nikauliza kwa mpangilio. Lilikuja lini? Kabla ya Mapinduzi, mama yangu hajazaliwa. Lilitoka wapi? Babu alipeleka samaki mjini, akarudi nalo kikapuni. Alipewa na nani? Na mtu wa Kiembe Samaki aliyekuwa akifanya kazi uwanja wa ndege, ambaye alimkopa changu na hakuwa na pesa. Changu wangapi? Hapo Bibi alifikiri. Watatu, akasema, na mmoja alikuwa mkubwa, na babu alilalamika mpaka kusi ikaingia. Basi hesabu inaegemea upande wa mzee, Kisauni na Dakota, ingawa chombo kama hicho kingeweza kuwa kimetoka vitani na kupita mikono mingi kabla ya kulipia changu watatu.

Mzee alikuwa na seti ya herufi za kugonga, za chuma, kwenye kijaluba cha mbao. Mara ya mwisho nilipokwenda alikuwa ameshaitoa P na kuiweka juu ya gazeti. "Nikurudishie?" Nilikiangalia chuma, nikaiangalia ile P mpya, kali, yenye pembe zake. Nikamwambia hapana, nikamwomba tu anishikie tochi pembeni, nikauchora ule upinde kwa penseli. Karatasi hiyo ninayo.

Chuma nilikirudisha Uroa masika ya mwaka uleule umeme uliporudi, siku ambayo mjomba wangu mdogo alikuwa ameamua kujaribu tena mshipi, nyavu zikiwa haziingizi kitu. Nilimweleza Bibi kila kitu: Marekani, silinda 14, nyambizi, P. Alinisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akalipokea chubwi, akalipima kiganjani, akalihamishia kiganja cha pili.

"Limepungua," alisema.

Akaagiza aletewe kibuyu cha sifa, akachovya kidole, akaanza kulipaka, akianzia pale penye mng'aro.